Nuru za Kaskazini

Msafiri ni mdeni. Mtu aendaye mbali huwaacha nyuma wengi wasioweza kwenda, na hao humngojea. Hawangojei zawadi peke yake, hungojea habari. Kwa habari zake wataujua mlima wasioupanda na bahari wasioivuka. Na kwa kuwa hawana njia ya kumsahihisha, hawana budi kumwamini. Akiongeza, wataongeza pamoja naye. Akipunguza, watapunjika pamoja naye. Kwa sababu hii nasema kuwa msafiri ni mdeni, na deni lake halilipwi kwa sarafu nyingine ila kweli.

Zamani sarafu hiyo ilitoka kinywani mwa msafiri. Siku hizi hutoka katika kamera yake pia, na wako watu wengi wanaoamini kwamba kinywa chaweza kusema uongo lakini kamera haiwezi. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, jinsi nilivyokutana na picha iliyokuwa nzuri kuliko kitu chenyewe, na baada ya muda mfupi nikakutana na kitu kilichokuwa kizuri kuliko picha yake. Na jinsi mambo hayo mawili yalivyonifundisha namna ya kulipa deni langu.

Kitu nisemacho ni Nuru za Kaskazini. Mwezi wa Februari, mwaka 2025, nilikuwa Norway kwa mafunzo ya walimu, na mafunzo yalipokwisha nikabakiwa na siku mbili kabla ya kurudi Kenya. Wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kusoma juu ya nuru hizo katika somo la jiografia, na kabla sijaondoka walinipa maswali matatu ya kwenda nayo. La kwanza: je, nuru hizo zina joto? La pili: je, zina sauti? La tatu liliulizwa na msichana mmoja akaaye nyuma ya darasa, ambaye husema mara chache lakini hasemi bure. Aliuliza, "Mwalimu, ukituletea picha, tutaona kama ulivyoona wewe?" Maswali mawili ya kwanza niliyatia katika daftari. La tatu nililitia moyoni, maana halikuwa swali juu ya mbingu. Lilikuwa swali juu yangu mimi.

Basi nikaenda Tromsø, mji wa kisiwani ulio kaskazini sana mwa Norway, kiasi cha kilomita 350 kupita mstari wa Aktiki. Sisi tuishio karibu na ikweta, ipitayo Nanyuki na Maseno, tumezoea usiku wenye adabu. Huingia karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, hutoka karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwaka mzima haubadili desturi yake. Kule Tromsø usiku haujui adabu hiyo. Tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa; na tangu mwisho wa Mei mpaka katika Julai halitui. Bahari ya pale, ijapokuwa iko kaskazini kiasi hicho, haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji yenye vuguvugu hutoka mbali katika Atlantiki ukapita pwani ile. Mwezi wa Februari jua limekwisha kurudi, lakini giza bado ni refu, na giza refu ndilo shamba la nuru.

Kabla ya kukupeleka porini, yanipasa nikuambie nuru hizi ni nini. Jua halitupi mwanga na joto tu. Kila saa hutupa pia chembe ndogo mno zenye umeme, nazo husafiri kama upepo, kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 400 kwa sekunde au zaidi. Hata kwa mwendo huo, njia ya kutoka kwenye jua mpaka kwetu huzichukua siku mbili, tatu au nne. Zikifika karibu na dunia hukuta mlinzi. Dunia yetu ni sumaku kubwa, na nguvu ya sumaku hiyo huizunguka kama ngao. Chembe nyingi hupita kando. Lakini baadhi yake hunaswa, zikaelekezwa katika njia za nguvu ya sumaku, nazo njia hizo hushuka karibu na ncha mbili za dunia, kaskazini na kusini. Hapo chembe hugongana na hewa nyembamba ya juu. Hewa ikigongwa hivyo hutoa nuru. Oksijeni iliyo juu ya ardhi kwa kiasi cha kilomita 100 hata 150 hutoa rangi ya kijani. Oksijeni ya juu zaidi hutoa nyekundu. Na naitrojeni hutoa buluu na waridi, mara nyingi katika pindo la chini.

Kwa hiyo nuru hizi hufanya kama pete mbili kubwa, moja ikizunguka ncha ya kaskazini na moja ya kusini. Sisi wa ikweta tuko mbali na pete zote mbili, ndiyo sababu babu zetu hawakutuachia neno la kuzitaja. Jua likichafuka sana pete hupanuka. Mwezi wa Septemba, mwaka 1859, zilionekana hata Cuba, na katika nchi fulani mitambo ya simu za maandishi ilipeleka habari bila ya betri, kwa umeme uliotoka mbinguni. Mwezi wa Machi, mwaka 1989, dhoruba ya namna hiyo iliuzima umeme wa jimbo la Quebec nchini Kanada kwa kiasi cha saa tisa. Mwezi wa Mei, mwaka 2024, nuru zilipigwa picha hata Florida na Mexico. Ujue, basi, kwamba urembo huu si wa kuchezea. Ni cheche za ngao ikipigwa.

Watu wa kaskazini walizijua nuru hizi kabla ya sayansi kuzaliwa. Katika lugha ya Wafini jina lake maana yake ni moto wa mbweha, kwa kuwa hadithi yasema mbweha hukimbia juu ya theluji, na mkia wake hurusha cheche mbinguni. Wasami, wenyeji wa kale wa nchi zile wafugao kulungu wa theluji, waliwaonya watoto wao wasizipigie mluzi nuru, zisije zikashuka kuwachukua. Usicheke, msomaji. Nasi pia tuliambiwa tusipige mluzi usiku, na mzee aliyetuonya hakuwahi kumwona Msami.

Baadaye walikuja watu waliotaka kupima. Kristian Birkeland, mtaalamu wa Norway, alipanda na wenzake mlima wa Haldde, karibu na Alta, akapitisha huko majira ya baridi ya mwaka 1899 mpaka 1900 katika vibanda vya mawe vilivyopigwa na upepo mchana na usiku. Na msafara huo ulimpoteza mwenzao kwa maporomoko ya theluji. Aliporudi alitengeneza dunia ndogo, tufe lenye sumaku ndani, akaliweka katika sanduku lililotolewa hewa, akalipiga kwa miali ya umeme. Nuru zikawaka kulizunguka tufe karibu na ncha zake. Wataalamu wengi walimpinga, naye alikufa mwaka 1917 kabla ya kukubaliwa. Ilipofika miaka ya 1960 na 1970 vyombo vilivyorushwa angani vilithibitisha mikondo ya umeme aliyoisema.

Mwenzake Carl Størmer alikuwa mtaalamu wa hesabu, na silaha yake ilikuwa kamera. Picha ya kwanza ya Nuru za Kaskazini ilikwisha kupigwa na Martin Brendel mwaka 1892, huko Bossekop, nayo haikuwa na rangi wala ukali. Størmer alikwenda huko huko mwaka 1910 kwa nia nyingine. Aliweka kamera mbili mahali pawili palipo mbalimbali, akaziunga kwa simu, na wapigaji wakapiga picha kwa wakati mmoja. Katika picha mbili hizo nuru ilikuwa ile ile moja, lakini ilionekana mbele ya nyota tofauti. Kwa tofauti hiyo, na kwa hesabu ya pembetatu kama mnayofundishwa darasani, aliweza kujua nuru ilikuwa juu kiasi gani. Alifanya hivyo maelfu ya mara. Nimewataja watu hawa kwa sababu moja: hawakupiga picha ili wastaajabiwe. Walipiga picha ili kweli ijulikane, na kila picha waliiandikia saa na mahali.

Sasa twende porini. Mtu mgeni hafai kutafuta nuru peke yake katika nchi ya barafu, kwa hiyo nililipa nauli nikaingia katika kundi la watu kumi na wawili chini ya kiongozi. Alikuwa mtu wa makamo, mwana wa mvuvi, mwenye maneno machache. Kabla basi dogo halijaondoka alisimama mbele yetu akasema, "Mimi nauza safari, nuru siuzi. Nitawapeleka mahali ambapo mbingu ziko wazi. Zaidi ya hapo sina mamlaka." Wengine walicheka, lakini nilimwona kuwa hafanyi mzaha. Nilimpenda tangu hapo, maana biashara nyingi duniani husimama juu ya ahadi ya kile ambacho muuzaji hana.

Alikuwa na mambo mawili ya kuchunguza: mawingu ya dunia na upepo wa jua. Habari ya mawingu aliipata kwa watabiri wa hali ya hewa. Habari ya upepo wa jua aliipata kutoka vyombo vilivyowekwa angani, kiasi cha kilomita milioni moja na nusu kuelekea jua, ambavyo huonja upepo huo kabla haujatufikia na kutuma habari mapema kidogo, chini ya saa moja au zaidi kidogo. Nguvu ya machafuko hupimwa kwa kipimo kiendacho kutoka 0 mpaka 9. Jioni ile kilikuwa 3. Mmoja wetu alisikitika kusikia hivyo. Kiongozi akamwambia kuwa mtu aliye chini ya mti haombi upepo mkubwa ili tunda limfikie. Na sisi tulikuwa chini ya pete yenyewe.

Tuliondoka saa kumi na mbili jioni. Pwani ilikuwa imefunikwa na mawingu, na theluji ilianguka polepole katika taa za barabara. Tulikwenda karibu saa mbili, tukifuata pwani na milima, mpaka tukaingia bonde la Skibotn, ambalo linajulikana kwa hewa yake kavu, kwa kuwa milima huyazuia mawingu ya bahari. Hapo tuliposhuka mbingu zilikuwa tupu. Nilitafuta Nyota ya Kaskazini. Hapa kwetu, kwenye ikweta, nyota hiyo hulala juu ya upeo wa macho, na mara nyingi vumbi au mti huificha. Kule ilikuwa juu karibu na utosi wangu, kiasi cha digrii 69. Nilijua umbali wa safari yangu kwa nyota moja kuliko nilivyoujua kwa saa zote nilizokaa ndani ya ndege.

Baridi ilikuwa digrii 19 chini ya kiwango cha kuganda. Tulipewa mavazi mazito ya kuvaa juu ya mavazi yetu, na viatu vyenye manyoya ndani. Kiongozi alikoka moto, akatupa vinywaji vya moto, kisha akatufundisha kamera. Kamera isimamishwe juu ya miguu mitatu, kwa maana mkono wa mtu hauwezi kutulia sekunde kumi. Lenzi ifunguliwe mpaka mwisho wake, ikalengwe kwenye nyota angavu mpaka nyota iwe nukta. Betri ya akiba ikae karibu na mwili, kwa kuwa baridi hunyonya nguvu zake. Mtu asiipumulie lenzi, pumzi itaganda juu yake. Na mtu asiwashe taa nyeupe, bali nyekundu peke yake, kwa sababu jicho lililozoea giza hupofushwa na taa mara moja, na huhitaji karibu nusu saa kurudi katika hali yake. Kisha akasema, "Sasa kazi yetu ni kungoja."

Tulingoja saa mbili. Kungoja katika baridi si kama kungoja katika joto. Mwili huuliza kila dakika kwa nini uko hapo. Wawili walirudi ndani ya basi. Saa nne na dakika ishirini kiongozi alinyosha kidole upande wa kaskazini. Nilitazama, nikaona ukanda mweupe juu ya mlima, kama moshi wa jiko la jirani asubuhi yenye ukungu. Haukuwa na rangi niliyoweza kuitaja. Kama ningekuwa Nakuru ningesema ni wingu jepesi, nikaendelea na safari yangu.

Mama mmoja kutoka Uhispania alisimama karibu nami. Alikuwa ametuambia njiani kwamba ameweka akiba miaka mingi kwa ajili ya usiku huo mmoja. Alitazama, akamtazama kiongozi, akauliza kwa sauti ndogo, "Ndizo hizi?" Alipojibiwa kuwa ndizo, alikaa kimya, kisha akasema, "Basi nimedanganywa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefungua barua iliyongojewa muda mrefu akaikuta tupu. Picha zote alizoziona tangu ujana wake zilikuwa za kijani kama jani changa la mgomba, nazo zilimwahidi mbingu ambazo hakuziona.

Kiongozi hakubishana naye. Aliigeuza kamera yake kuelekea ule ukanda, akaiacha wazi sekunde 10, kisha akamwonyesha. Picha ilikuwa ya kijani, nzuri, imejipinda juu ya mlima kama upinde. Mama yule alistaajabu, akauliza, "Kwa hiyo kamera inaona, na mimi ni kipofu?"

Jibu la swali lake ni jibu ambalo kila mwanafunzi aweza kulithibitisha nyumbani. Ndani ya jicho mna vipokezi vya namna mbili. Vingine hutambua rangi, lakini huhitaji mwanga wa kutosha. Vingine hufanya kazi katika mwanga hafifu, lakini havijui rangi. Toka nje usiku wa mbalamwezi ukachukue khanga nyekundu; utaiona, lakini wekundu wake utakuwa umekwenda. Wekundu haukutoka katika khanga. Ni jicho lako lililokosa mwanga wa kuutambua. Kamera haina shida hiyo. Tena jicho haliwezi kuuweka akiba mwanga wa sekunde kumi, lakini kamera hukinga nuru kama mtungi ukingavyo matone, tone juu ya tone, mpaka ujae. Ule ukijani ulikuwako kweli mbinguni. Kamera haikuutunga, iliukusanya.

Nami nilipiga picha yangu. Ilikuwa nzuri, nami sikuifurahia. Nilikumbuka swali la msichana wa nyuma ya darasa. Kama ningewaonyesha wanafunzi wangu picha ile bila ya maelezo, wangeamini kuwa nilisimama chini ya upinde wa kijani, na wala nisingekuwa nimesema neno moja la uongo. Nilitambua hapo kwamba mtu aweza kumdanganya mwenziwe kwa kitu cha kweli, akikitoa bila ya habari zake.

Ilipokaribia saa tano ukanda ule ulianza kuamka. Kwanza ulikaza, kama kamba inavyovutwa. Kisha ulipasuka vipande viwili. Halafu, kabla mtu hajasema neno, mbingu zote zikajaa. Mapazia ya nuru yalishuka juu yetu, yakikunjuka na kukunjika, na safari hii rangi ilionekana kwa macho matupu: kijani mwilini, na pindo la chini waridi likikimbia kutoka mashariki mpaka magharibi kwa haraka. Mianga ilikutana juu ya vichwa vyetu ikawa kama nguzo za hema lililosimikwa mbinguni. Theluji chini yetu ilibadilika rangi. Nilimwona mama wa Uhispania ameinua uso wake, vidole vyake viko wazi bila glavu, naye hasemi lolote. Hakuna aliyesema. Sauti sikusikia, wapo watu wa kaskazini wasemao kwamba wamewahi kusikia mchakarisho katika usiku kama huo, na wataalamu wanalichunguza jambo hilo, lakini masikio yangu yalipata ukimya tu. Joto pia sikuhisi, na isingewezekana. Nuru ilikuwa kilomita 100 juu yangu, katika hewa nyembamba isiyoweza kupasha kitu chochote hapa chini.

Kamera yangu ilikuwa ikifanya kazi. Kiongozi alitwambia tupunguze muda mpaka sekunde 2, nikapunguza. Lakini nilipotazama picha nilikuta doa la kijani lisilo na umbo. Mwendo, ambao ndio uliokuwa roho ya jambo lile, haukuwamo. Sekunde 2 zilikuwa nyingi mno kwa kitu kilichobadilika kila mara nilipopepesa macho. Mapazia kumi yalikuwa yamerundikwa juu ya karatasi moja. Basi wingu lililokuwa hafifu kamera ililifanya tukufu, na tukufu lenyewe kamera ililifanya doa. Nikaiacha juu ya miguu yake, nikatazama kwa macho niliyopewa. Mambo yale yalidumu dakika saba, kisha yakafifia yakawa tena moshi.

Wakati wa kurudi, ndani ya basi, kijana mmoja alikaa mbele yangu akitengeneza picha zake katika simu. Kwa kidole chake aliukoleza ukijani, kisha akautia urujuani ambao hatukuuona sisi wala kamera haikuuona, kisha akaipeleka picha kwa marafiki. Majibu ya kusifu yalianza kuingia kabla hatujafika mjini. Sikumlaumu. Alikuwa ameona jambo kubwa, na picha aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kuliko jambo lile. Alitaka kuujaza upungufu. Lakini nilimfikiria mama mwingine, katika nchi nyingine, ambaye ataiona picha ile, ataanza kuweka akiba, na miaka kumi baadaye atasimama katika theluji akauliza, "Ndizo hizi?" Uongo mdogo unaosafiri mbali hulipwa na mtu ambaye aliyeutoa hatamjua kamwe.

Niliporudi Kenya nilichagua picha mbili tu: ile nzuri ya wingu hafifu, na lile doa la mbingu zilizofunguka. Nilizibandika ukutani darasani, na chini ya kila moja niliandika tarehe, mahali, saa, digrii za baridi, na muda ambao kamera ilikaa wazi. Chini ya ya kwanza niliongeza: "Macho yaliona weupe kama moshi, bila ya rangi." Chini ya ya pili niliongeza: "Macho yaliona rangi na mwendo ambao picha hii haikuweza kuuchukua." Wanafunzi walizitazama kwa muda mrefu. Wengi walisimama zaidi mbele ya doa kuliko mbele ya upinde, jambo ambalo sikulitazamia. Yule msichana alisoma maandishi yote, akageuka akasema, "Kwa hiyo hatukuona ulivyoona, Mwalimu. Lakini tumejua tulichopungukiwa."

Sijui jibu lililo bora kuliko hilo, wala sina la kuongeza juu yake.

Wewe usomaye insha hii huenda usifike Tromsø, na si lazima ufike. Lakini kila siku picha hukujia: za vita na za harusi, za mafuriko na za sherehe, za watu wasiokujua na mahali usipopajua. Baadhi yake ni za uongo mtupu, na hizo huenda ukazitambua kwa urahisi. Nyingi zaidi ni za kweli, zilizotolewa bila ya habari zake, na hizo ndizo ngumu. Kabla hujafurahi kwa ajili yake, au kukasirika, au kuzipeleka kwa mwenzako, uziulize kama ungemwuliza mgeni aliyebisha hodi usiku: umetoka wapi, ulipigwa lini, nani amekuleta, na ni kitu gani kilichobaki nje ya ukingo wako? Picha njema ina majibu. Isiyo na majibu iache mlangoni mpaka kupambazuke.

Na siku itakuja ambapo wewe mwenyewe utakuwa msafiri. Labda utakwenda ng'ambo, labda utakwenda mji wa jirani tu. Umbali hauondoi deni. Watu watakungoja. Waletee ulichokiona kwa kipimo chake, pamoja na baridi uliyoivumilia, saa ulizongoja, na yale ambayo chombo chako kilishindwa kuyachukua. Usione haya kuwaonyesha doa, kama doa ndilo lililopatikana mbingu zilipofunguka.